Mkono wa Kukunia Nazi

Kwa muda mrefu niliamini kwamba anayedai fidia baada ya ajali anatafuta pesa, basi. Sikuliona jambo baya, ila nililiona dogo, la wenye subira ya foleni na moyo wa kubishana. Kwetu Pwani mtu akigongwa akabaki hai, majirani husema alhamdulillahi, wanakuja kumpa pole na unga na sukari, na habari inaishia hapo. Anayeendelea kuuliza nani atalipa huonekana kama hajaridhika na uhai aliobakishiwa. Imani hiyo niliipata wapi, na inamfaa nani hasa, sikuwahi kujiuliza mpaka nilipoanza kubeba bahasha ya karatasi za shangazi yangu.

Shangazi ni mama lishe. Alikuwa akipika Kibaha, kando ya Barabara ya Morogoro, wali wa nazi na maharage kwa madereva wa malori, mafundi gereji na vijana wanaokimbilia madirisha ya mabasi na matunda mikononi. Asubuhi moja alisimama pembeni kabisa mwa lami, akingoja upenyo wa kuvuka. Foleni ilikuwa imekwama. Kipanya kimoja kikachomoka kwenye mstari kikaanza kutanua, matairi ya kushoto yakikanyaga vumbi, na dereva, kwa maelezo aliyoyatoa mwenyewe baadaye, macho yake yalikuwa kwa abiria aliyenyoosha mkono mbele. Shangazi aliangukia mkono wa kulia. Mfupa ukapasuka karibu na kiganja. Hospitali ya Tumbi walimpokea na kumfunga, kisha akapelekwa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, akawekewa chuma. Mfupa umeunga, lakini vidole havifungi sawasawa.

Asiyekaa jikoni anaweza kudhani vidole visivyofunga ni jambo la kuzoeleka. Nilidhani hivyo pia, hadi nilipomwona Shangazi amekaa juu ya mbuzi, kifuu mkononi, akijaribu kukuna nazi kama alivyofanya tangu utoto. Kukuna kunataka kiganja kikishike kifuu, kikisukume chini na kukizungusha kwa wakati mmoja, na kifundo ndicho kinachobeba yote. Mkono wa kushoto haujui kazi hiyo. Na hata nazi ikikunwa na mwingine, kuna kukamua: tui la kwanza lisipokamuliwa kwa nguvu, wali unakuwa mwepesi, na wateja wa barabarani hawasemi neno, wanahamia meza ya jirani. Sasa anamlipa binti wa kumkunia na kumkamulia. Faida ya sahani inaingia kwenye malipo ya mkono wa mtu mwingine, kila siku, bila kelele.

Tulipofika kwa watu wa bima, hiyo ndiyo hasara niliyotaka waione, na hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuandikika.

Karatasi ya kwanza ilikuwa PF3, ile fomu ya polisi ambayo kila aliyewahi kumpeleka majeruhi hospitali anaijua. Nilikuwa nikiichukulia kama kikwazo cha kuchelewesha matibabu. Siku hizi naitazama kwa jicho jingine. Ndiyo karatasi ya mwanzo inayosema kwamba jambo hili lilitokea, siku hii, kwa mtu huyu, na daktari akayaona majeraha haya. Zikaja ripoti ya polisi na mchoro wa ajali, unaoonyesha gari lilipokuwa na mtu alipokuwa. Mchoro ule niliutazama kwa muda mrefu. Shangazi alikuwa alama ndogo nje ya mstari wa barabara. Alama hiyo ikanipa faraja ambayo hata sasa siwezi kuieleza vizuri, kwa sababu majirani walikuwa wameshaanza kusema kwamba alivuka bila kuangalia.

Wodini alikuja mtu mwenye suruali iliyonyooshwa na simu mbili, akasema yeye hushughulikia madai, tumpe namba na nakala ya PF3, tutagawana kitakachopatikana. Hakuwa wakili, wala hakuwa na ofisi aliyoweza kuitaja. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amekwisha kumpa karatasi zake halisi. Nilimhurumia, kwani najua kwa nini alizitoa: mtu mwenye mguu unaoning'inia kwenye kamba hana nguvu ya kuuliza maswali, na vishoka wanaujua udhaifu wa saa ile kuliko sisi tunaoupitia kwa mara ya kwanza.

Nikiwa kwenye benchi za kungojea, nilijisomea mambo ambayo nilipaswa kuyajua kama mtu yeyote anayepanda gari. Kwa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, gari halitakiwi kuwa barabarani bila bima ya kumlinda mtu wa nje atakayeumizwa au kuuawa nalo. Hiyo ndiyo watu wanaiita bima ndogo, na wengi wetu tunaijua kama stika ya kumwonyesha trafiki. Sikuwa nimefikiri kwamba nyuma ya stika ile yupo binadamu. Mwenye kipanya alipoilipia, alikuwa amemlipia mtu ambaye jina lake halikujulikana bado, mtu ambaye pengine angekuwepo na pengine asingekuwepo. Akawa Shangazi. Kwa hiyo tulipokwenda kudai, tulikuwa tunafuata kitu kilichowekwa kwa ajili yake kabla hata hajaamka asubuhi ile. Kulielewa hilo kulinichukua muda, na kuliamini kukanichukua muda zaidi.

Kumfanya Shangazi aliamini lilikuwa jambo jingine kabisa. Mama wa dereva alikuja nyumbani na wazee wawili, na kilo za mchele ndani ya kanga. Kijana mwenyewe alikaa karibu na mlango, ameinamisha kichwa. Alikuwa deiwaka tu, siku ile amepewa gari na dereva mwenyewe, akikimbizana na hesabu ya tajiri ili kikibaki kitu kiwe chake. Shangazi alimwita akae karibu. Akamwambia, "Nimekusamehe, baba. Mungu akuongoze." Walikula pamoja. Mimi nilikaa na hofu yangu kimyakimya, nikiwaza kama maneno yale yangekuja kutumika dhidi yetu, kama mtu akishasema amesamehe ana haki gani tena ya kudai.

Siku chache baadaye akaja mzee mwingine, ametumwa na tajiri wa gari, na bahasha. Alitaka Shangazi apokee kilichomo na kutia dole gumba kwenye barua ya kuwaambia polisi kwamba jambo limekwisha. Tuyamalize kienyeji, alisema, sisi sote ni watu wa hapahapa. Shangazi aliitazama bahasha bila kuigusa. "Yule mama alikuja kuniona mimi," akaniambia mzee alipoondoka. "Huyu amekuja kwa ajili ya barua."

Tangu siku hiyo naurudia mpaka huo kichwani. Mimi nilikuwa nimeuchanganya msamaha na kuachilia dai, nikidhani ukichukua kimoja unakipoteza kingine. Yeye, ambaye hajasoma Sura yoyote, aliona kwamba msamaha ni wa kijana na mama yake, na kwamba mkono wake unabaki na shida zake kesho asubuhi, pawe na msamaha au pasiwe. Bado sina hakika kama kila mtu anaweza kuvitenganisha hivyo. Nimewaona waliodai kwa hasira na hasira ikawala, na nimewaona waliosamehe kwa sababu tu walichoka.

Kijana alifikishwa mahakamani kwa kosa la barabarani, akakiri, akalipa faini. Wakili tuliyemwendea alitueleza kwamba faini ile haiji kwa Shangazi hata shilingi, ila hukumu yenyewe ina uzito: mtu aliyekwisha kutiwa hatiani hawezi, kwenye shauri la madai, kuja kusema hakutenda. Akatueleza pia kwamba madai ya kuumizwa kwa uzembe yana ukomo wa miaka 3 kisheria. Wakati ule miaka 3 ilisikika mingi. Mwenye jeraha huhesabu kwa vidonda na kliniki, na ghafla nusu ya muda imeshapita.

Kisha yakaja maswali ya hesabu. Ulikuwa unapata kiasi gani kwa siku? Risiti ziko wapi? Mahakama zetu zimeshika tangu zamani kwamba hasara inayohesabika, kama nauli, dawa na kipato kilichopotea, lazima itajwe waziwazi na ithibitishwe. Maumivu, na raha ya maisha iliyopungua, hupimwa kwa busara ya hakimu. Naiona mantiki ya utaratibu huo. Lakini mama lishe anauza kwa sarafu, ananunua sokoni kwa neno la mdomo, na karatasi pekee aliyokuwa nayo Shangazi ilikuwa daftari la wateja wanaokula kwa mkopo. Tukalibeba hilo. Lilikuwa na mafuta na masizi kwenye kurasa, na majina kama Fundi Mrefu na Mama Chapati. Mwanasheria kijana aliyelipokea alilipekua kwa heshima, akatafuta wastani wa sahani kwa siku kutokana na madeni tu, na nitamshukuru daima kwa kutolicheka.

Ripoti ya daktari iliandika ulemavu kwa asilimia. Shangazi aliuliza, "Asilimia ya nini?" Nikamjibu, ya mwili mzima. Akanyamaza kidogo, akasema kwamba mwili mzima haukuni nazi. Sikuwa na jibu, na sidhani kama lipo. Hesabu ya daktari ni ya kweli, na alichosema Shangazi ni kweli vilevile, na fidia inatakiwa ipite katikati ya kweli hizo mbili.

Ninapokwenda kumtembelea napita njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2 za lami pana. Naipenda barabara ile, imetuokolea saa nyingi. Hata hivyo, kwa mwenda kwa miguu, upana ulioongezwa kwa magari ni hatua zilizoongezwa za kuvuka, na nje ya lami yule anayesubiri bado anasimama kwenye vumbi ambalo dereva mwenye haraka analihesabu kama njia ya tisa. Kwenye vibao vya 50, madereva wanapashana habari kwa taa kwamba mbele kuna tochi. Gari linapunguza mwendo, trafiki anapitwa, mguu unarudi kwenye mafuta, nasi abiria tunafurahi kwamba hatukucheleweshwa. Shirika la Afya Duniani linasema mwendo wa gari ukipanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa, hatari ya kufa kwa anayegongwa akiwa kwa miguu huongezeka mara nne na nusu. Kilomita 15 tu. Ni tofauti ambayo ndani ya gari mtu haisikii hata mwilini. Basi nikiwa kwenye kiti karibu na dirisha sasa nasema, "Dereva, punguza." Mara nyingine abiria wenzangu wananiunga mkono, mara nyingine wananitazama kama mtu aliyeleta mkosi. Kipanya kilichomgonga Shangazi hakikuwa hata kwenye mwendo mkubwa. Mara kwa mara nalifikiria hilo, na sitaki kulifikiria hadi mwisho.

Kampuni ya bima imetoa ofa. Si ndogo, si kubwa. Pamoja na barua imekuja karatasi ya kutia sahihi inayosema kwamba akipokea, hatakuwa na dai jingine lolote kuhusu ajali hii, la sasa wala la baadaye. Daktari naye amesema huenda chuma kikahitaji kutolewa, na baada ya hapo ndipo itajulikana vidole vitarudi kiasi gani. Mimi nataka tungoje; muda wa kisheria ungalipo, na tukishindwana ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Shangazi anataka kusaini. Kodi ya kibanda imekaa, binti wa kukuna nazi anataka ujira wake, na mjukuu anangojewa shuleni na ada. Nikimweleza habari ya subira, nazungumza kama mtu anayepokea mshahara mwisho wa mwezi, na nimeanza kulisikia hilo katika sauti yangu mwenyewe.

Tumebishana, tumenyamaziana, tumerudi kuzungumza. Tulichokubaliana ni barua: kwamba yuko tayari kupokea, mradi gharama za kutoa chuma zitajwe kando, zisifungwe na sahihi ya leo. Kama watakubali sijui, wala sijui kama nimempa ushauri mwema au nimemwongezea tu siku za shida. Barua nimeipeleka. Shangazi ameniagiza kwamba jibu likija nisilifungue njiani, nilifikishe kwake, nimsomee yote, hata yale maandishi madogo ya chini, na uamuzi atautoa mwenyewe.