Fildi ya Japani, Makazi Mbagala: Binti Aliyesaidia Wajapani Kuongea Kiingereza Bila Kupanda Ndege

Kuna watu wakisikia binti wa chuo "anafanya kazi na chuo cha Japani", kichwani inawajia picha ya pasipoti, sanduku la magurudumu na selfi za uwanja wa ndege. Binti huyu wa Mbagala hakuwa na hata kimoja. Alikuwa na laptopu ya kuazima kwa shemeji yake, bando la wiki, na mama anayekaanga vitumbua uani. Na kwa wiki nane akawasaidia wanafunzi wa chuo kimoja jijini Osaka kuongea Kiingereza.

Twende taratibu, maana humu ndani kuna mambo ya kujifunza, hasa kwa wale wanaoamini Kiingereza kina wenyewe na sisi wengine ni wapangaji tu.

Utaratibu wenyewe si mpya sana. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kilianzisha kituo cha masomo ya pamoja kwa mtandao tangu 2006, wanafunzi wa nchi mbili wakikutana darasani bila mtu kusafiri. Ila ilipokuja korona 2020, mambo ndiyo yakachanganya. Japani ilifunga mipaka kwa wanafunzi wengi wa kigeni mpaka mwanzoni mwa 2022, na vyuo vikazoea kuwapata wageni kupitia skrini. Ndiyo hapo ikapatikana hii ya mwanafunzi wa nchi nyingine kuingia darasani kwa mtandao kama msaidizi wa mazungumzo. Yeye anapata uzoefu wa kazi, wenzake wanapata mtu wa kuongea naye.

Kazi ya binti haikuwa kufundisha sarufi. Hiyo ilikuwa ya profesa. Yeye alipewa kundi la wanafunzi wanne wanne, akaingia nao kwenye chumba kidogo cha mtandaoni, akaongoza mazungumzo, kisha akamwandikia kila mmoja maoni: kimoja alichofanya vizuri, kimoja cha kurekebisha. Basi. Kwenye karatasi inaonekana kazi ya mchezo.

Sasa njoo kwenye saa. Osaka wako mbele yetu kwa saa sita. Kipindi cha saa saba mchana kwao, Mbagala ni saa moja asubuhi. Na saa moja asubuhi Mbagala mnaijua: makonda wanaita abiria, jogoo wa jirani hana breki, watoto wanatafuta soksi za shule. Kipindi cha chuo cha Japani ni dakika 90. Binti akiingia lazima awe ameshaoga, ameshamsaidia mama kubeba beseni la unga, na amebandika kanga ukutani nyuma yake ili wasione kabati lisilo na mlango.

Siku ya kwanza mama alimuuliza, "Mwanangu, hao Wajapani wanakulipa shilingi ngapi?"

"Hawalipi mama. Wanatoa cheti."

Mama akageuza kitumbua. "Na bando?"

"Nanunua mwenyewe."

"Haya."

Hiyo "haya" ya mama zetu haihitaji kamusi.

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa ngumu. Binti anauliza swali jepesi, wikiendi mmefanya nini, kimya. Kamera zimezimwa. Sekunde tano, sekunde nane, kimya. Anashindwa kuvumilia, anajijibu mwenyewe. Anauliza lingine, kimya, anajijibu tena. Muda ukiisha anakuta ameongea peke yake kama redio. Akamwambia shosti wake wa chuo, "Wale wananidharau. Wameniona mimi Mwafrika, wakaona hapa hakuna Kiingereza cha kujifunza."

Wiki ya tatu ikaja ya kuthibitisha. Profesa alituma maoni ya wanafunzi, bila majina, kama utaratibu ulivyotaka. Mengi yalikuwa ya adabu. Moja liliuliza kama inawezekana kundi lao lipate msaidizi kutoka Marekani au Uingereza, mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya kuzaliwa. Kundi la jirani lilikuwa na kijana Mmarekani, na habari zilikuwa zimeshawafikia.

Iliuma, na kuna sababu iliuma zaidi kwake. Huyu ni mtoto wa shule ya msingi ya serikali. Miaka saba kasoma hesabu, sayansi na kila kitu kwa Kiswahili, halafu Januari moja anaingia kidato cha kwanza, kila kitu ni Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe. Wangapi humu mnaikumbuka ile Januari? Mlango wa ofisi ya walimu una karatasi inayosema kama huna Kiingereza hakuna huduma, na wewe unataka tu kuomba ruhusa ya kwenda hospitali. Alinyamaza karibu mwaka mzima. Siyo kwamba alikuwa hajui kitu. Alikuwa anaogopa kuchekwa. Leo yuko mwaka wa pili chuo, anasomea ualimu wa hilo hilo somo, halafu mtu wa upande wa pili wa dunia anauliza kama hana wa kuzaliwa nalo.

Shosti akawa mkali. "Acha bwana! Hawakulipi, halafu wanakuchagua?"

Hakuacha. Na wala hakuna hotuba ya kutia moyo iliyomrudisha. Jina lake lilikuwa kwenye ratiba, Jumanne ikafika, akaingia.

Jumanne hiyo, katikati ya maelezo, akasema "let us discuss about this topic". Kimya. Kisha kijana mmoja, ambaye hajawahi kufungua mdomo tangu siku ya utambulisho, akaandika kwenye ujumbe, kwa heshima zote za Kijapani, akiomba radhi mara mbili katika sentensi moja, kwamba nadhani "discuss" haihitaji "about".

Na kijana alikuwa sahihi kabisa. Wajapani wanapiga sarufi ya Kiingereza miaka na miaka kwa ajili ya mitihani ya kuingia chuo. Kuna na ule mtihani wa TOEIC, wenye alama kuanzia 10 hadi 990, ambao kampuni nyingi za kwao huuangalia kabla ya kuajiri. Ule wa kawaida unapima kusikiliza na kusoma. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na alama nzuri za kutisha, lakini ukimuuliza amekula nini mchana anatoka jasho. Hawana tofauti na yule wa kwetu mwenye A ya Kiingereza kidato cha nne anayejificha mzungu akikaribia.

Binti angeweza kukaza uso. Badala yake akacheka, akamshukuru kwa jina na ile "san" yao, akasema kweli, kwetu watu wengi tunakosea hapo. Mwanafunzi mwingine akawasha sauti: hata sisi Japani tunakosea hapo hapo. Wa tatu akacheka. Kamera ya kwanza ikafunguka.

Hapo ndipo alipogundua kilichokuwa kinaendelea. Ule ukimya haukuwa dharau. Ulikuwa ukimya wake mwenyewe wa kidato cha kwanza, umehamia Osaka. Wale vijana walikuwa wanaipanga sentensi kichwani mpaka inyooke ndipo waitoe, na kila ilipokaribia kunyooka, yeye alikuwa ameshajijibu. Akajiwekea sheria: akiuliza, anahesabu moja mpaka kumi kimoyomoyo, mdomo umefungwa. Mara nyingi jibu lilikuja kwenye saba au nane.

Akawaletea na mchezo wa maneno. Angalia, Kiswahili na Kijapani havina undugu wowote, ila vyote vinapenda neno liishie na vokali. Mwingereza akileta neno lake, sisi tunaliwekea mkia, na wao wanaliwekea mkia. Sisi hoteli, wao hoteru. Sisi basi, wao basu. Sisi aiskrimu, wao aisukurimu. Na ile shida yao ya L na R? Akawaambia na kwetu wapo wanaokula "wari" na kuendesha "gali". Walicheka mpaka profesa akaingia kuangalia kuna nini.

Sasa Mmarekani wa kundi la jirani, kijana wa watu, mpole, anajitahidi. Lakini yeye akiulizwa kwa nini hapa inawekwa "the" na pale haiwekwi, anajibu "inasikika tu vizuri". Hana lawama, nani kati yetu anaweza kumweleza mgeni kwa nini ni "mti wangu" lakini "kiti changu" bila kukuna kichwa? Binti alikuwa na jibu kwa sababu hiyo "the" ilimtoa machozi. Kiswahili hakina, Kijapani hakina. Njia aliyopitia yeye kuielewa ndiyo aliyowaonyesha.

Lakini siku kubwa ilikuwa wiki ya sita. Mada ilikuwa kazi za familia. Yule kijana wa "discuss" alikuwa ameandaa karatasi ya kusoma kuhusu bibi yake anayeuza takoyaki, chakula maarufu sana cha Osaka: vidonge vya unga vyenye vipande vya pweza ndani, vinavyokaangwa kwenye chuma chenye vishimo vya mviringo. Akaweka picha ya chuma hicho.

Binti akaikazia macho ile picha. Kisha bila kuomba ruhusa ya mtu akabeba laptopu, akaivuka kanga yake ya ukutani, akapita kabati lisilo na mlango, mpaka uani. Akaelekeza kamera kwenye jiko. Chuma cha vitumbua, vishimo vile vile, vitumbua vinapumua kwenye mafuta.

Kule Osaka ilikuwa vurugu. Watoto wa watu wanaongea wote kwa pamoja.

Mama wala hakushtuka. Alitazama picha ya chuma cha yule bibi, akasema, "Muulize, bibi yake anauza shilingi ngapi kimoja?"

Binti akatafsiri. Na hapo ndipo kijana alipoweka karatasi pembeni, maana swali la mama halikuwa kwenye karatasi. Akaeleza kuwa hawauzi kimoja kimoja, wanauza vinane kwa boksi. Mama akauliza, pweza kwenu ghali? Ghali, na imepanda. Sasa bibi anapataje faida? Anakata vipande vidogo zaidi. Mama akacheka mpaka akaegemea ukuta: "Mwambie bibi yake mimi na yeye biashara moja. Mchele ukipanda, na vitumbua vyangu vinapungua unene."

Kijana aliongea dakika nzima nzima bila kusoma popote. Alikosea nyakati, alikosea umoja na wingi, na hakuna aliyejali akiwemo yeye mwenyewe. Alikuwa na kitu cha kumwambia mtu aliyetaka kukijua.

Mwisho wa wiki nane ikaja barua ya pongezi na cheti. Aliyeandika yale maoni ya wiki ya tatu hakujulikana, na binti hakutafuta kujua.

Alipokipeleka cheti kwa mratibu wa fildi akitumaini kitahesabiwa, alijibiwa kwa upole, "Binti yangu, fildi ni kwenda kituoni, kusaini daftari, msimamizi akuone ukifundisha. Hii ya kompyuta iweke kwenye CV." Haikuwa haki, lakini haikuwa uonevu mtupu pia. Vijana wanne kwenye skrini si sawa na kidato cha kwanza chenye wanafunzi sabini na chaki moja.

Basi akaenda kwa hao sabini, sekondari ya kata. Siku ya kwanza akauliza swali kwa Kiingereza. Kimya. Mwalimu mwenyeji aliyekaa nyuma akaanza kujongea amsaidie. Binti akampa ishara ya mkono asubiri, akahesabu. Kwenye tisa, mtoto wa dawati la nyuma akanyanyua kidole nusu.

Sasa wadau, tuseme ukweli wote. Programu hizi ni nzuri, lakini cheti hakinunui bando. Binti huyu alikuwa na shemeji mwenye laptopu. Mwenzake mwenye akili zaidi yake, asiye na shemeji wa namna hiyo, hata tangazo lenyewe hakulifungua. Chuo kinachoweza kulipia profesa na ukumbi kinaweza kulipia na intaneti ya msaidizi anayeamka alfajiri kwa ajili yake. Mama aliliuliza hilo siku ya kwanza, na mpaka leo hajajibiwa.

Ila kwenye lile la Kiingereza kina wenyewe, jibu limepatikana. Anayejua mto una mashimo wapi ni aliyeuvuka kwa miguu. Aliyezaliwa ng'ambo ya pili atakupungia mkono tu.

Haya, wewe ungekuwa yeye, wiki ile ya tatu ungebaki au ungeondoka? Na wale mlionyamaza kidato cha kwanza mzima, leo mjitokeze. Hakuna atakayewacheka.