Kinondoni, Bongo Inakoaga Mastaa Wake

Msomaji wangu, ukimwambia mgeni kwamba unampeleka Leaders Club, Kinondoni, atapiga pasi shati lake. Leaders ni ya kula raha bwana! Nyasi, miti, bendi jukwaani, nyama choma kwa pembeni. Lakini uwanja huohuo ndio Bongo inaoutumia kulaza jeneza la staa ili watu waage. Wiki hii muziki, wiki ijayo msiba, na miti ni ileile.

Siku ambayo haisahauliki pale ni Jumanne, tarehe 10 Aprili 2012. Steven Kanumba alifariki usiku wa kuamkia Jumamosi ya Pasaka, nyumbani kwake Sinza Vatican, akiwa na miaka 28 tu. Meseji zikaanza kuruka usiku uleule, wengine wakasema ni uzushi. Kulipokucha Sinza ikafurika. Rais Kikwete mwenyewe alifika kutoa pole. Ile Jumanne sasa, we acha tu! Leaders ilijaa mpaka watu wakamwagika barabarani. Watu wazima na akili zao walizimia wakabebwa juu juu, na wengi walirudi makwao bila kulisogelea jeneza.

Wapo waungwana waliocheka. Eti unamliliaje mtu asiyekujua hata jina? Hao hawajawahi kukaa uswahilini wakaangalia filamu sebule moja na majirani, watoto wamejazana mlangoni. Kanumba alikuwa anaingia nyumba za watu kila jioni, kwa muuza genge na kwa mwenye duka. Ndiye huyo aliyecheza na Ramsey Nouah wa Nigeria kwenye 'Devil Kingdom', na vijana wa Sinza wakatembea kifua mbele kama vile wamecheza wao. Mtu kama huyo akifa, umefiwa. Ingawa tusidanganyane, wengine siku ile walikuja kuwaona mastaa waliokuwa hai.

Kutoka Leaders mpaka makaburi ya Kinondoni si mbali. Makaburi yamebanana, unapita ubavu ubavu, na kelele za magari unazisikia palepale. Ndiyo uzuri wake: shabiki anashuka daladala, anamsalimia Kanumba wake, anaendelea na safari ya Mwananyamala. Mei 2014 watu walipita njia hiyo mpaka wakachoka. Adam Kuambiana alifariki tarehe 17, Rachel Haule tarehe 27, wote wakalazwa Kinondoni. Kabla matanga hayajaisha, tarehe 30, mwongozaji George Tyson akafa kwenye ajali ya gari huko Morogoro.

Lakini si kila staa amelala karibu na kituo cha daladala. Ngwair yuko Kihonda, Morogoro. Mbaraka Mwinshehe, aliyekufa kwa ajali kule Mombasa Januari 1979, yuko Mzenga, Kisarawe. Na ukitaka kumfuata Sharo Milionea, panda basi la Tanga. Siku hizi yanaondokea stendi ya Magufuli, Mbezi. Chalinze, Segera, halafu yanaanza machungwa: hapo umeingia Muheza.

Ndiyo njia aliyopita Hussein Mkiety, ndiye Sharo, usiku wa tarehe 26 Novemba 2012, akienda kwao. Gari lilipinduka akiwa karibu kabisa kufika. Hapa ndipo mimi huwa naishiwa maneno. Kijana ambaye nusu ya nchi ilikuwa inaiga mwendo wake na maringo yake aliporwa akiwa amelala maiti kando ya barabara. Simu, mpaka nguo! Polisi wakahangaika kuvitafuta vitu vya marehemu huku redio zote zikimlilia. Siku mbili baadaye kijiji cha Lusanga hakikutosha kwa watu waliokuja kumzika, na machozi yalikuwa ya kweli.

Sisemi waliopora ndio waliolia. Ila najiuliza mpaka leo: yule aliyechukua simu gizani, alipokuja kujua ni ya nani, alifanyaje? Alimcheka tena Sharo kwenye video? Au alizima TV?

King Majuto, aliyekuwa akiigiza naye, alifariki tarehe 8 Agosti 2018 na yeye yuko hukohuko Tanga. Kwa hiyo nauli moja inakufikisha kwa wachekeshaji wawili.

Ukishuka Muheza, nunua machungwa ya njiani halafu ulizia Lusanga. Pale ni kwa watu, ndugu yangu, si Leaders. Piga hodi, toa pole hata kama miaka imepita, ombeni dua. Simu ya kupigia picha iache kwanza mfukoni.