Diski Ambazo Hazikuwa Kwenye Orodha



Wengi mmeniuliza video za ibada za mwaka jana ziko wapi. Hazipo. Kosa ni langu, si la vijana wa media.

Sanduku letu la kuhifadhi video lina diski nne. Moja ikifa, tatu zinazobaki humjengea mgeni wake upya kila kitu. Kijana wetu aliniletea orodha ya diski ambazo mtengenezaji amezijaribu. Nikaona bei, nikamtuma anunue za rahisi. Sanduku likatoa onyo. Nikasema, "Si imewaka? Endelea."

Onyo kama hilo si lazima liwe kifo. Mwaka 2025 Synology iliwabana wateja wa mashine zake mpya kwa habari ya diski, kisha Oktoba ikalegeza. Lakini zetu zilikuwa za aina inayoandika mistari ikilaliana kama mabati ya paa. Kwa kuweka faili tu, ziko sawa. Tulipobadilisha iliyokufa, kujenga upya kulichukua siku badala ya saa, na kabla hakujaisha ya pili ikafa.

Soma 1 Samweli 17:39. Daudi aliyavua mavazi ya vita ya Sauli kwa sababu hakuwa ameyajaribu. Mimi sikuvua.

Mama mmoja wa Keroka alitaka kusikia tena ushuhuda wa marehemu mumewe. Nilikosa la kumwambia.

Mpendwa, kama una kipande kwenye simu au flashi, hata dakika mbili, kilete Jumapili. Tutakinakili mara mbili, mahali tofauti. Diski nitanunua mimi.