Kabimba: Jioni redio iliponyamaza

Jioni ile tulikuwa na tangazo la mama mmoja mhami anayetafuta mtoto wake wa miaka 7. Walipoteana njiani wakikimbia vita. Tangazo lilipaswa kusomwa saa moja, baada ya habari.

Saa 12 na nusu sauti ikaanza kukatika. Kompyuta yetu inatumia Linux, mfumo wa ukoo wa Unix. Ndani yake kuna programu zinazofanya kazi kimya nyuma ya skrini. Mojawapo hupeleka sauti kwenye mtambo. Kwa haraka nikaiua kwa kill -9, nikaiwasha upya. Ikakataa. Asubuhi nilikuwa nimebadilisha faili la mipangilio, nikasahau alama moja. Programu iliyokuwa ikitembea ilishika bado mipangilio ya zamani. Ile mpya ikasoma kosa langu. Redio ikanyamaza dakika 40.

Mama yule alikuwa ameketi mlangoni na redio yake ndogo. Hakunilaumu. Aliuliza tu: "Papa, bado hawajasema?"

Tulilisoma saa moja na nusu, lakini watu wengi walikuwa wamekwisha zima redio zao, kuchunga mawe.

Tangu siku ile nafuata utaratibu, nami nauacha hapa kwa vijana wanaotunza kompyuta za redio, shule na vituo vya afya. Nakili faili kabla ya kuligusa. Pima mipangilio kabla ya kuzima chochote: nginx -t au sshd -t huonyesha kosa huku kazi ikiendelea. Programu ikikubali, tumia systemctl reload, isome mipangilio upya bila kuzimika. Ikibidi, tumia restart: kwa kawaida hutuma kwanza ishara namba 15, inayoiomba programu imalize kazi na kufunga mafaili. Namba 9 haiombi, inakata, na kilichokuwa kikiandikwa kinaweza kuharibika. Kisha angalia systemctl status, soma journalctl, na usikilize redio kwa masikio yako. Kama uko mbali, usifunge dirisha la kwanza mpaka la pili liingie.

Na usiguse kitu saa ya matangazo ya watu.

Tangazo la mama tunalisoma bado kila jioni. Mwenye habari ya mtoto huyo afike kwa chifu wa kijiji chake au redioni.