Kariakoo Ilikuwa Nyumbani

Mjukuu wangu, mzaliwa wa Tabata, alirudi na viatu kutoka Mtaa wa Congo akaniuliza: "Babu, kwani Kariakoo kuna watu waliwahi kukaa?" Swali lile liliniuma.

Walikaa. Wapagazi wa Carrier Corps walipiga kambi pale Mwingereza alipouteka mji wa Dar es Salaam, 1916, wakaliachia eneo jina. Baada yao zikasimama nyumba za vyumba sita, vitatu huku vitatu kule, ukumbi katikati, jiko na choo uani. Mwenye nyumba Mzaramo, wapangaji Mmanyema, Mnyamwezi, Mnubi, Mngoni, wote ndoo moja, msiba mmoja.

Mtaani kwetu, karibu na Mkunguni, alikuwapo bibi wa vitumbua. Kabla ya adhana ya alfajiri harufu ya iliki na ya unga wa tui la nazi ulioumuka kwa hamira ilikwishaingia vyumbani, ikatuamsha watoto. Alikaa barazani, chuma juu ya mkaa, kijiti mkononi cha kugeuzia. Hakuandika deni la mtu. Asipokuona siku mbili alimtuma mtoto na sahani, aje aangalie kama unaumwa. Karani wa sensa alipopita, wenye nyumba walimpeleka kwake, maana yeye ndiye aliyejua nani kahama, nani kajifungua, nani kaleta mdogo wake kutoka Kigoma. Hodari kama yule sijamwona tena.

Soko la Kariakoo, lililochorwa na msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa 1975. Paa lake la zege, lililochanua kama miavuli, mpaka leo naliona zuri kuliko vioo vyote vilivyolizunguka.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Chumba cha mbele kikawa duka, mpangaji akaambiwa atafute pengine, maana kodi ya kitanda haishindani na ya fremu. Wazee wakafa, warithi wakauza, wakahamia Mbagala na Chanika. Ghorofa zikapanda bila baraza hata moja. Soko likaungua Julai 2021. Novemba 2024 ghorofa likaanguka na watu ndani, na bado tunajenga kwa pupa ileile, jambo linalonikera mno.

Wazee wachache wangali wakiishi juu ya maduka hayo. Waulizwe sasa, mtaa kwa mtaa, nani alilala chumba gani. Hati za viwanja zinamtaja mwenye nyumba tu. Wapangaji, waliokuwa wengi zaidi, hazikuwaandika.