Betri Juu ya Bati

Kitabu chenyewe nililetewa na rafiki yangu kutoka Mwanza: The Last Black Unicorn, kilichotoka mwaka 2017, cha yule dada mchekeshaji wa Marekani, Tiffany Haddish. Nikakisomea kwetu Kirushya, wilaya ya Ngara, chini ya mgomba. Nilicheka peke yangu mpaka bibi akatoka jikoni.

"We mjukuu wangu, kulikoni?"

Nikamweleza. Eti huyu dada alikuwa akilala ndani ya kigari chake, mchekeshaji mwenzake Kevin Hart akampa dola 300 atafute chumba, na aandike orodha ya anayoyataka maishani. Bibi hakucheka.

"Mama yake je?"

Alipata ajali ya gari, akaumia ubongo. Watoto wakachukuliwa, wakalelewa na watu baki.

"Na baba?"

Mtu wa Eritrea. Aliondoka binti akiwa mdogo.

Nikanyamaza. Kumbe ukiyataja matukio matupu, hamna cha kuchekesha hata kimoja! Kicheko kimo katika namna anavyosimulia mwenyewe.

Bibi akaketi. Akanikumbusha Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walipovuka Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, Benaco ikafurika. Yeye alikuwa akipeleka ndizi huko. "Kwenye foleni ya maji walikuwepo waliokuwa wakitaniana," akasema. "Nikawashangaa. Baadaye nikaelewa."

Msomaji mwenzangu, na mimi baba yangu aliondoka. Alikwenda Geita kutafuta dhahabu nikiwa darasa la tatu, hata salamu hakuleta. Nimemwandikia hadithi nyingi, zote za machozi, zote nimezichana. Nilidhani uandishi ndio huo, kulia kwa Kiswahili sanifu.

Sikuwahi kuandika kwamba alichukua redio akasahau betri, alizokuwa ameanika juu ya bati zipate nguvu. Wala kwamba bibi aliendelea kuzianua jioni na kuzianika asubuhi, mwezi mzima, kana kwamba mwenyewe angerudi na redio yake kusikiliza taarifa ya habari.

Usiku ule nikaiandika. Asubuhi nikamsomea. Bibi alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akatulia kidogo.

"Umekosea," akasema. "Zilikuwa nne, wewe umeandika tatu."

Nimesahihisha.