Taa Niliyoiziba Mdomo

Mnanijua kwa mashono, si kwa magari. Lakini leo nina neno la gari, tena la kunitia haya, na ndiyo maana nalileta.

Gari yangu ni ndogo, ya mtumba kutoka Japani, kama nyingi za hapa Unguja. Kila nikitoka Darajani na majora ya vitambaa, nayalaza kiti cha mbele cha abiria. Nikiondoka tu, taa nyekundu yenye picha ya mtu aliyejifunga mkanda inawaka, na mlio hauishi mpaka Fuoni. Gari haikuwa na kosa. Ndani ya kiti mna sensa inayohisi uzito, na majora matatu kwake ni mtu. Nikaona nimepata ujanja: nikauchomeka mkanda mtupu kwenye kifungio chake, nikauacha hapo. Taa ikazima, miezi ikapita.

Siku moja nikampitia binti yangu chuoni. Akaingia, akaukalia mkanda. Sikumwambia kitu, maana kelele haikuwepo na mimi nilishasahau. Karibu na Mwanakwerekwe mbuzi akakatiza, nikakanyaga breki. Mwendo haukuwa mkubwa, lakini mwanangu alipiga uso kwenye dashibodi. Mdomo ukapasuka, ukaya wake mweupe ukajaa damu. Akaniuliza, "Mama, mbona gari haijalia?"

Sikuwa na jawabu. Mimi ndiye niliyeiziba mdomo.

Alishonwa nyuzi tatu. Mimi ninayeshonea watu nguo kila siku, nilishindwa kuitazama sindano ile.

Nikauchomoa mkanda. Wiki haikwisha, taa ikaja na jipya: hata mtu akijifunga, haizimi. Fundi wa kwanza akanambia, "Dada, nipe elfu kumi nikate waya, upumzike." Nikamwambia pumziko hilo nimeshalionja. Fundi wa pili, Mungu ambariki, alikaa akanifundisha.

Ndani ya kifungio mna swichi ndogo. Ulimi wa mkanda ukiingia sawasawa, swichi inaiarifu gari kuwa mtu amefunga. Kwa hiyo taa isipozima, anza na mambo mepesi. Toa mkoba, mtoto wa nguo au chochote kilicho juu ya kiti. Funga mkanda mpaka usikie "ta", kisha uvute uone umeshika. Ukiwa haushiki vizuri, mulika tochi ndani ya kifungio: mchanga, sarafu na makombo huingia humo. Vuta uchafu kwa mashine ya kufyonza vumbi, wala usitie mafuta, maana mafuta hukusanya vumbi zaidi.

Ndani ya changu mlikuwa na nini? Nyuzi, na pini yangu mwenyewe ya kushonea.

Kama kifungio ni safi na taa bado inawaka, huenda waya chini ya kiti umelegea, hasa kama unasukuma mizigo huko au kiti kinavutwa mbele na nyuma kila mara. Hapo mwite fundi wa umeme wa gari. Usivute waya mwenyewe, maana soketi za manjano huwa ni za mifuko ya hewa. Na ukiona taa ya mtu mwenye duara mbele yake, hiyo ni ya mfuko wa hewa wenyewe, si ya mkanda. Usiipuuze.

Jambo moja la ufundi wangu: mkanda uliochanika au kufumuka pembeni, usiniletee nikushonee. Dereva mmoja alishaniletea, nikamrudishia. Uzi wa cherehani si wa kushika mwili wa mtu gari inapogonga. Unabadilishwa mkanda mzima.

Nilikuwa nikisema Bismillahi nikiwasha gari, nikijiona nimeshamaliza. Nikakumbuka yule bwana aliyefundishwa na Mtume (s.a.w.) amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Mimi nilikuwa nategemea na ngamia yuko wazi.

Siku hizi majora yanapanda buti. Binti yangu anakaa nyuma, anafunga, halafu ananichungulia mimi. "Mama, na wewe?" Kovu dogo lipo mdomoni pake, likinikumbusha kabla taa haijawaka.